Kocha Hakusema Tumeshinda

Mwaka ule tulipochukua ubingwa wa vyuo, Kocha hakusema hata mara moja kwamba tumeshinda. Watu wakimpigia simu jioni kuuliza matokeo, alijibu, "Tumemaliza," kisha akakata. Mkuu wa chuo alilazimika kumtafuta meneja wa timu ili ajue kama tumemaliza kwa kufunga au kwa kufungwa. Sisi vijana tuliona ni maringo ya uzeeni. Leo nikilikumbuka neno hilo mwili unanisisimka, maana msimu ule ulitupa kombe na ukamchukua Weldon, winga wetu wa kulia, na katika chuo kizima Kocha peke yake ndiye aliyeanza kuogopa mapema.

Jina lake nalijua lakini nitaliacha. Wanafunzi walimwita Kocha, mabawabu walimwita Kocha, hata mke wake alipokuja chuoni kumletea chakula aliuliza Kocha yuko wapi. Kazi aliyoajiriwa kufanya ni kufundisha useremala. Mpira ulikuwa wa jioni, baada ya karakana kufungwa, na alikuja uwanjani na penseli nyuma ya sikio na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuwa na filimbi. Aliita kwa mluzi wa vidole viwili, na mluzi huo ulifika mpaka kwa akina mama waliokuwa wakichuma chai upande wa pili wa bonde.

Mimi nilikuwa kipa wa akiba. Asiyejua mpira hudhani hiyo ni kazi ya bure, na kwa kweli ni ya bure, ila ina faida moja: unakaa karibu na kocha. Wenzangu walimjua kwa kelele zake. Mimi nilimjua kwa mambo aliyoyasema chini kwa chini, akidhani hakuna anayesikia au akidhani mimi si mtu wa kuhesabiwa. Nilisikia mengi ambayo sikuyaelewa mpaka yalipokwisha kuharibika.

Uwanja wetu ulichongwa ubavuni mwa kilima, huku upande wa Mogogosiek, chai juu yake na chai chini yake. Mpira ukitoka nje unateremka kwenye chai, na anayeufuata anapiga makofi kwanza kwa sababu ya nyoka. Saa za jioni ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu na kuanza kumeza upande wa kulia. Weldon alicheza upande huo. Kuna jioni ambazo hukumwona kabisa. Ulisikia viatu vyake vikija, halafu mpira unatokea kwenye ukungu tayari umekwisha kupigwa. Sisi tulishangilia. Kocha alikuwa akisimama na kutazama ule ukungu mpaka Weldon mwenyewe atokee, ndipo anakaa tena.

Katika karakana alikuwa mtu mwingine, mpole, karibu asisikike. Alichagua mbao kwa sikio. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akagonga tena mbele kidogo, na kama kulikuwa na ufa ndani alijua hata kama nje mbao ilikuwa safi. "Pima," alikuwa akituambia, "pima tena," na neno hilo mle karakanani lilisemwa kila saa. Tabia hiyo ya kugonga aliileta uwanjani. Mchezaji akimaliza kukimbia, Kocha aliweka kiganja mgongoni mwake, akatulia, akamwachilia. Kwa wengi mkono ulikaa kidogo tu. Kwa Weldon ulikaa, na ukarudi, na uso wa Kocha ukawa wa mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

Walisema anaona mambo. Yeye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kusikia hivyo. Ila kulikuwa na ile siku ya radi. Anga lilikuwa limenguruma mara moja tu, mbali, upande wa Sotik, na Kocha akapiga mluzi turudi ndani. Tulilalamika kwa sababu jua lilikuwa bado linawaka. Tulikuwa tumefika kwenye veranda ya bweni wakati radi ilipopiga mlingoti wa goli la juu na kuupasua. Kesho yake watu walikuja kuuangalia, na mpishi wetu akasema Kocha ana macho ya babu zake. Kocha alikasirika kweli. "Mimi siangalii nyota," alisema. "Naangalia mawingu. Mawingu iko wazi kwa kila mtu." Baada ya hapo ukimya wake ulianza kututisha zaidi kuliko kelele zake.

Ni vigumu kumwelezea bila kumfanya aonekane mtu wa huzuni tu. Alikuwa mkali kupita kiasi. Nahodha wetu alijibu mama yake vibaya kwa simu, Kocha akasikia, na nahodha akakaa benchi mechi nzima, tena mechi ngumu. Kijana aliyeiba parachichi shambani kwa jirani alitumwa kuzirudisha akiwa na jezi ya chuo, ili jirani ajue ni nani. Mtu huyo huyo alikuwa akishona viatu vyetu kwa uzi wa ngozi bila kuombwa, na ukikuta kiatu chako kimeshonwa usithubutu kumshukuru, atakwambia unamwaibisha. Akina mama walikuja langoni na vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, kutupokea, jinsi wanavyowapokea wakimbiaji. Kocha aliwashukuru kwa heshima, akawaomba wangoje mpaka mwisho. Nyuma yake tulikunywa, bila shaka.

Sasa nifike kwenye ulimi wake, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipopinda. Kocha alikulia katika Kikipsigis na alijifunza Kiswahili ukubwani, na kinywani mwake b na p hazikuwa na mpaka, wala d na t, wala g na k. Alipotaka mabeki wapande mbele alisema, "Bandeni! Bandeni!" na siku moja nahodha akamuuliza kwa adabu zote, "Kocha, tuende banda gani?" Tulicheka mpaka mazoezi yakavurugika. Alipoongoza sala kabla ya mechi alianza na "Papa yetu uliye mbinguni," na timu nzima ikauma midomo. Pole yake ilikuwa bole. Gari yake ilikuwa kari. Weldon, ambaye naye alikuwa Mkipsigis wa Silibwet lakini alikuwa ameenda shule za watu wa kila aina, ndiye aliyemwiga vizuri kuliko wote, na usiku bwenini alituhutubia kwa sauti ya Kocha mpaka tukalia machozi. Nikiandika maneno ya Kocha hapa nitayaandika yalivyonyooka. Ule mchezo mwingine umenikinai.

Kocha alijua tunacheka. Ninajua kwamba alijua, kwa sababu nilikuwa karibu naye. Kabla ya kusema jambo mbele ya watu alianza kumwegemea meneja na kunong'ona, "Inasemwa aje?" Meneja alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kutoka milima ya Kisii kama wazazi wangu, mstaarabu, mwenye kalamu mfukoni na matamshi ya redioni. Alimpenda Kocha. Alikuwa akimtafsiria kwetu bila dharau: Kocha akisema p, yeye anarudia kwa b, Kocha akisema t, yeye anaweka d. Baadaye alifanya hivyo bila hata kufikiri. Kocha naye alikuwa akisikiliza neno lililosahihishwa, anatikisa kichwa, na siku inayofuata anajaribu kulisema hivyo. Mtu mzima aliyeweza kumnyamazisha mwamuzi kwa jicho alikuwa anajifunza kwetu kama anayechukua kitu kisicho chake.

Msimu wenyewe ulikuwa wa ajabu tangu mwanzo. Tulishinda mechi ambazo hatukustahili. Penalti za wenzetu ziligonga mwamba. Kuna mechi mvua ya mawe ilimwagika tukiwa mbele kwa bao la bahati, mwamuzi akaikatiza na haikurudiwa. Timu moja iliyotuzidi kila kitu ilijifunga yenyewe mwishoni. Kila tuliporudi, chuo kilisherehekea, madereva wa bodaboda walipiga honi toka njia panda, na Kocha alikuwa anazidi kukonda. Niliwahi kumsikia akijiambia kwa Kikipsigis, halafu akaona namtazama, akanigeuzia kwa Kiswahili: hajawahi kuona mambo yakienda rahisi hivi bila mtu kulipia mahali.

Na macho ya Kocha yalikuwa kwa Weldon. Kijana huyo alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena. Lakini ilitokea kwamba baada ya kukimbia alikuwa anachuchumaa na kushika nyasi kwa mikono miwili. Alisema ni njaa. Siku moja alikaa chini katikati ya mazoezi, akacheka, akasema dunia imezunguka kidogo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Sisi tulimwita mzee, tukamwambia apunguze kukesha kwenye simu. Kocha alimtoa, akamfunika koti lake, akakaa naye kwenye mstari mpaka giza likaingia. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma yake badala ya mbele.

Kilichofuata sikukisikia wakati huo. Tulikuwa tumesimama nje ya karakana tukingoja mipira, ambayo ilitunzwa mle ndani, na tulikuwa tukipiga kelele zetu. Kocha na meneja walikuwa mlangoni. Nimeambiwa na meneja mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, na nikimwangalia machozi yalikuwa yanamtoka.

Kocha alimwambia, "Mwalimu, huyu Weldon mpeleke pima kabla ya mechi ingine."

Safari hiyo, kati ya safari zote, alikuwa amelitamka neno sawasawa. Alitaka Weldon apelekwe hospitali apimwe. Lakini meneja alikuwa amezoea kumgeuzia p kuwa b, na masikio yake yaligeuza bila kumuuliza. Tena wiki hizo chuo kilikuwa kinasisitiza kwamba wachezaji wote wanaosafiri wawe na bima ya afya, na Weldon alikuwa bado hajajiandikisha. Neno lilikaa mahali pake vizuri kabisa.

"Bima? Sawa, Kocha," meneja alimjibu. "Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe."

Alisema Kocha alitazama nje, tulipokuwa sisi. Kisha akasema, "Ndio. Hiyo."

Kesho yake meneja alimpeleka Weldon mjini Bomet. Weldon alikaa kwenye foleni, akatoa kitambulisho, wakachukua alama za vidole na kumpiga picha ya uso. Alirudi jioni mazoezi yakiwa yanaanza, anatafuna mahindi ya kuchoma. Hapo nilikuwepo, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo ya maji karibu na Kocha.

"Umeenda?" Kocha alimuuliza.

"Nimeenda, Kocha."

"Wamefanya nini?"

"Wamenipiga picha. Wamesema niko sawa, naweza anza kutumia tu."

Kwetu ukisema umepigwa picha hospitali, mtu anaelewa ni ile ya kifua. Kocha aliweka kiganja mgongoni mwa Weldon. Mkono ulikaa pale muda mrefu, na nilimwona akikunja uso, kwa sababu alichosikia masikioni na alichosikia kiganjani havikupatana. Halafu aliuondoa mkono, akamwambia aende akavae viatu. Kama kuna dakika moja ningependa kuirudisha katika maisha yangu ya chuo ni ile, na hata nikirudishwa pale sijui ningesema nini, maana nami sikujua.

Tangu siku ile Kocha alimchezesha Weldon kwa namna ya mtu anayebishana na nafsi yake. Alimtoa mapema kuliko kawaida, mashabiki wakamzomea. Kwenye nusu fainali alimweka nje kipindi cha kwanza, tukawa nyuma, na mkuu wa chuo akateremka kutoka jukwaani kumuuliza kama amelipwa na wapinzani. Kocha alimwingiza Weldon, na Weldon akafunga, akafunga tena. Watu waliingia uwanjani, wakambeba. Kocha alibaki amekaa kwenye benchi, akanishika mkono kwa nguvu bila kunitazama, akasema, "Wamesema iko sawa. Si wamesema iko sawa?" Nilimwambia ndiyo, wamesema.

Mchana wa fainali ulikuwa wa manyunyu, Kericho mjini, anga limeshuka mpaka karibu na paa za nyumba. Uwanja ulikuwa umejaa watu wenye mifuko ya plastiki kichwani. Katika chumba cha kubadilishia nguo Kocha alisali, na mara hii hakuna aliyecheka "Papa yetu," kwa sababu sauti yake ilikuwa inakatika. Weldon ndiye aliyejaribu kutuchangamsha. Alimwambia Kocha kwa upole, huku akifunga kamba za viatu, kwamba leo atakunywa ile mursik ya akina mama hata kama hapendi. Kocha akamwambia, "Wewe rudi tu, kijana. Nitakunywa." Ni hayo tu aliyomwambia.

Tulifunga mapema, pasi ya Weldon, kichwa cha nahodha. Tukaulinda ule uongozi kwa meno. Kipindi cha pili kilikuwa kimechakaa wakati beki wetu alipobutua mpira mrefu upande mwingine kabisa, kushoto, na macho yote yakaufuata huko. Mimi nilikuwa nikimtazama Kocha. Kocha hakuugeukia mpira. Alikuwa akitazama kulia, na nilimwona akisimama polepole. Niligeuka. Weldon alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, peke yake, hakuna mtu karibu naye, hakuna aliyemgusa. Mpira uliendelea kuchezwa huko mbali kabla mwamuzi hajaona.

Kocha hakukimbia. Wengi walimlaumu kwa hilo baadaye. Alitembea, akiwa amevua kofia, na alipofika alipiga magoti, akamgeuza, akaweka sikio lake kifuani mwake. Waliokuja na machela walilazimika kumwondoa.

Gari la wagonjwa liliondoka na Weldon, Kocha na meneja. Mechi iliendelea, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya, na dakika zilizobaki tulizicheza tukilia. Tukawa mabingwa. Nahodha alipewa kombe, akalishika bila kuliinua, na mpiga picha akamwambia atabasamu. Tulikuwa bado tumesimama pale kwenye manyunyu wakati simu ya mkuu wa chuo ilipolia. Alisikiliza, akaiweka mfukoni, akavua miwani. Sikuhitaji kuambiwa.

Ya hospitalini nimeyapata kwa meneja. Dada wa mapokezi aliuliza kama mgonjwa ana bima. Meneja akatoa simu, akasoma nambari, ikakubali mara moja, mpya kabisa, haijawahi kutumika. Baadaye kidogo daktari alitoka na kusema kijana alikuwa amefika ameshafariki. Alisema inaelekea moyo ulikuwa na kasoro ya siku nyingi, ya aina ambayo kipimo cha kawaida huwa kinaionyesha. Akawauliza, "Hakuwahi kupimwa?" Hapo ndipo meneja alipolielewa lile neno. Kocha alimtazama, kisha akatazama sakafu.

Mazishi yalikuwa Silibwet, nyumbani kwa wazazi wake. Kocha aliomba atengeneze jeneza yeye mwenyewe. Wazee wa ukoo walisitasita, mama yake Weldon akasema mwacheni. Alikataa mtu mwingine yeyote aende kule mochari kuchukua urefu na upana. Alienda peke yake na futi yake, na alirudi akafungia mlango wa karakana. Tulisikia randa mchana kutwa. Siku ya mazishi ami wa Weldon alisimama mbele ya watu akasema mpira umekula mtoto wao, na kwamba kuna mtu mzima aliyemwona kijana anaanguka mazoezini na bado akamtuma kukimbia. Kila mtu aligeuka kumtazama Kocha. Tulingoja aseme kwamba alimtuma hospitali. Sisi wachezaji tulijua alimtuma, au tulidhani tunajua. Alivua kofia, akasema kwa sauti ndogo, "Bole sana," na safari hiyo hata watoto hawakucheka.

Aliacha kazi kabla ya muhula kwisha. Meneja naye aliomba uhamisho, akarudi Kisii. Chuo kilipata kocha mwingine, kijana mwenye filimbi, na hakijashinda kitu tangu hapo. Miaka ilienda. Nilimaliza masomo, nikapata kazi ya kufundisha ufundi huko Silibwet, na mwaka jana nikakutana na meneja kwenye harusi ya mwanafunzi mwenzangu wa zamani. Ndipo aliponivuta kando na kunieleza yote. Alisema jambo linalomuua ni kwamba Kocha mpaka leo anaamini Weldon alipimwa na hospitali ikakosea, au anaamini mikono yake mwenyewe ilimdanganya. Hakuwahi kuwa na nguvu ya kumwambia. Nilimkasirikia sana, sitaficha. Kumwacha mzee akibeba lawama za ukoo mzima wakati neno moja lingemfungua. Nikasema, kama yeye hawezi, mimi nitaenda.

Kocha anaishi upande wa Ndanai. Nilimkuta kwenye kibanda kando ya boma la ng'ombe, akiranda mlango. Amepungua, nyusi zimekuwa nyeupe bila vumbi, lakini penseli ilikuwa bado nyuma ya sikio. Nilimsalimia kwa Kikipsigis changu cha kuombea maji, "Chamgei, Kocha," akacheka, akaitikia, akamwita mama, mkewe, atuletee chai. Tuliongea juu ya ng'ombe na bei ya maziwa. Aliniuliza kama hatimaye nilipata kudaka. Nilikunywa chai yote nikitafuta pa kuanzia.

"Kocha," nilimwambia, "meneja ameniambia kitu. Ile siku ulisema Weldon apelekwe pima. Yeye akasikia bima. Akampeleka kuandikishwa tu. Hakuna hospitali walienda. Wewe hukukosea kitu, Kocha. Wewe ulisema vizuri."

Niliyasema yote kwa haraka, na nilitarajia atashtuka, au atakasirika, au atalia. Aliendelea kupitisha kiganja kwenye ule mlango.

"Mimi najua," alisema. "Tangu siku ile. Yule dada aliuliza iko bima, mwalimu akatoa simu. Nikajua ni hiyo."

"Na kwa nini hukusema? Watu walikutukana mpaka kaburini."

"Ningesema nini? Mwalimu alisikia vibaya, sawa. Lakini mimi nilimsikia vizuri. Alisema bima. Nilisikia bima na masikio yangu." Aliweka randa chini. "Nikafikiria kidogo. Nikasema, kumbe pima ni ya mbao. Ya mtu wanaita bima. Yeye ndiye mwalimu wa Kiswahili. Nikasema ndio, hiyo."

Ng'ombe walikuwa wanasogea langoni wakitaka kukamuliwa, na mama alimwita kutoka jikoni. Nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kwa nini hakumuuliza meneja maana yake pale pale.

Alinitazama, bila hasira yoyote, na ningependelea hasira.

"Nilitaka kuuliza," alisema. "Lakini mlikuwa mmesimama hapo nje, nyinyi wote, mnangoja mipira. Na mlikuwa mnapenda sana kucheka."